Mrututu Katika Birika la Sefania

Siku mume wangu Sefania aliponiambia anataka kuchimba shimo la kuingia yeye mwenyewe, mwiko ulinitoka mkononi. Nilikuwa nakoroga makande. Mwiko ukaangukia majivuni, nami nikabaki nimemkodolea macho.

"Shimo gani? Kaburi?"

"La maji, Dorkasi. Nalijengea kwa saruji, nalijaza maji, naingia."

"Unaingia kufanya nini?"

"Kutembea."

Yesu wangu! Nilidhani vita imeurudisha mwili ikabaki na akili. Alikuwa ametoka Bama mwaka uliotangulia, amevaa koti la Keya, jeshi la Mwingereza, na magongo mawili kwapani. Kipande cha bomu kilimwingia juu ya goti la kulia. Kidonda kilipona, lakini mguu ukakataa kukunjika, ukanyooka kama mchi. Mtu aliyeondoka hapa anapandisha kilima na gunia la mahindi begani, huku anapiga mluzi, sasa alinisubiri nimvushe kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Mimi si mtu wa machozi, lakini kizingiti kile kiliniliza.

Akanieleza vizuri. Huko India, katika hospitali ya jeshi, daktari alikuwa akiwaingiza wagonjwa wa miguu ndani ya birika kubwa, maji yakifika kifuani. Wanatembea humo kila siku, maji yanabeba uzito, mguu unajifunza upya. Daktari alimwambia Sefania wazi: mguu huu ukiutembeza majini utafunguka kidogo kidogo, ukiuacha utaganda hivyo hivyo mpaka uzikwe nao. Ulikuwa umeanza kufunguka ndipo wakampandisha meli ya kurudi nyumbani.

"Basi chagua," akasema. "Birika au magongo."

Ningechagua nini? Nikachagua birika. Sikujua najitafutia makubwa gani.

Kwetu huku juu ya Same, katika milima ya Upare, maji si mali ya mtu. Yanatoka msituni, yanaingia mferejini, usiku yanakusanyika kwenye ndiva, bwawa letu la udongo, na alfajiri ndiva inafunguliwa yashuke mashambani. Kila ukoo una zamu yake. Maji hayalali mara mbili ndani ya ndiva, na hakuna anayeoga humo, wala kufua, wala kunawa. Ukitia sabuni kwenye maji ya watu, zamu yako imepotea, na maharage yako yatajua yenyewe.

Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa Mzee Hezroni, mzee wa mfereji. Na ili mjue balaa langu lilivyokuwa kubwa, huyo huyo ndiye kaka mkubwa wa marehemu baba yake Sefania. Ni mkwe wangu! Kwetu mkwe humtazami usoni. Ukikutana naye njiani unasogea pembeni, unainamisha kichwa, unasema shikamoo kwa sauti ya chini, akiitikia marahaba unashukuru Mungu na kwenda zako. Alikuwa mrefu, kichwa kimejaa mvi nyeupe pe, magoti yamemchakaa mpaka kanisani mchungaji alimfuata na Chakula cha Bwana pale pale kwenye benchi, kwa sababu hawezi kupiga magoti. Na hakuwa na mchezo kabisa. Mkewe mwenyewe aliwahi kukutwa akisuuza vyombo mferejini kwa kipande kidogo tu cha sabuni. Mzee alifunga zamu ya shamba lake mwenyewe, mahindi yakakauka anayaangalia.

Sefania alipokwenda kuomba, wazee walishangaa hadi wengine wakasahau ugoro mkononi.

"Mtu mzima akae majini mchana kutwa?" Mzee Hezroni akauliza. "Chura?"

"Ni dawa ya mguu, Baba."

"Dawa hunywewa."

Walibishana mpaka jua likageuka. Mwisho mzee akatoa masharti. Birika tulijaze kwa zamu yetu wenyewe, si ya mtu mwingine. Zamu ikirudi, maji ya zamani tuyafungulie yashukie mashamba ya majirani wa chini, na yawe safi. Yasinuke. Yasiwe ya kijani. Yakioza, anafunga mfereji wetu wa birika, na Mzee Hezroni akifunga hafungui. Hilo kila mtu alilijua.

Saruji ilitoka stesheni ya Same ikapandishwa mlimani kwa vichwa. Watu walikuja kusaidia, si kwa upendo, waongo wakubwa, walitaka kuona wazimu kwa macho yao. Birika likasimama nyuma ya nyumba, na ngazi za saruji za kushukia. Siku ya kwanza Sefania alishuka kwa kushikilia bega langu, akaacha magongo ukingoni, akasimama majini peke yake. Akainua mguu. Goti likakunjika! Kidogo tu, upana wa kidole, lakini niliona. Nilipiga kigelegele hadi kuku wakakimbia.

Furaha yangu haikumaliza hata juma. Maji yaliyokaa juani yalianza kubadilika. Kwanza yakawa na rangi ya chai ya mchaichai, kisha kuta zikaota utando wa kijani, laini, unaoteleza kuliko bamia. Nikasema nitausugua kesho. Kesho yenyewe Sefania akaweka mguu kwenye ngazi, ukateleza, akapiga mgongo na kuzama. Mzima mzima! Sikumwona. Maji yalikuwa ya kijani kiasi kwamba mume wangu alikuwa hatua moja mbele yangu na sikumwona. Nilijitupa ndani na nguo zangu zote, mimi nisiyejua kuogelea, nikapapasa mpaka nikashika sikio lake, nikalivuta. Tulitoka tukikohoa, tumeshikana, tunatetemeka.

"Umening'oa sikio," akasema.

"Nyamaza!" nikamwambia. "Nyamaza kabisa!"

Zamu iliporudi, Mzee Hezroni akaja kukagua. Akatazama kijani kile, akavuta pumzi puani.

"Mara hii nimefumba macho," akasema. "Sina macho mengine ya kufumba."

Hapo nikajua. Maji yakiharibika tena, birika limekwenda, na mguu wa Sefania umekwenda nalo.

Basi tulipigana na ule utando kama watu wanaopigania shamba. Nilifunika birika kwa majani ya migomba, kwa sababu niligundua kwamba kijani hupenda jua, kwenye kivuli kinasinyaa. Sefania akajenga kijishimo cha changarawe mlangoni mwa mfereji, matope yaachwe humo kabla maji hayajaingia. Kila jioni nilisugua kuta kwa ufagio mgumu na mchanga. Ilisaidia, siwezi kusema haikusaidia. Lakini ukipumzika siku mbili, utando umerudi, unakucheka.

Ndipo jirani yetu Tumainieli, anayenyunyizia kahawa za watu dawa, akaja na wazo lililonifanya nimfukuze na ufagio.

"Tieni mrututu," akasema.

"Mrututu? Ule unga wa buluu wa kahawa? Unataka kumwua mume wangu?"

"Shemeji, sikiliza kwanza. Kwenye kahawa unaua kuvu. Huo utando ni ndugu yake kuvu. Ni kidogo tu, kijiko, si kopo."

Sefania akasema tujaribu. Mimi nikasema wakijaribu nahamia kwa mama yangu Usangi. Wakajaribu, na mimi sikuhama, nilikaa pale pale nikiwalinda. Tumainieli alikoroga mrututu kwenye mtungi wa udongo, kwa maana debe la bati unalitoboa, halafu akatia maji ya chokaa, kidogo kidogo. Akachovya kisu kisafi cha chuma, akakiacha kidogo, akakitoa. Kisu kilitoka chekundu!

"Ala!" nikaruka nyuma. "Damu?"

"Mrututu umezidi," akacheka. "Ungemuuma macho na ngozi. Tunaongeza chokaa."

Siku hiyo waliongeza chokaa, wakaongeza, mpaka walipomimina birika likawa jeupe kama mtindi, na Sefania akatoka humo na ngozi kavu inayokwaruza. Tukayamwaga maji yale porini, si kwa majirani, tukasubiri zamu nyingine. Safari ya pili walipima kwa subira. Kisu kikatoka cheupe vile kilivyoingia, chokaa nacho hakikuzidi. Wakamimina mtungi birikani. Asubuhi nilipofunua majani ya migomba nilishika mdomo. Jamani! Niliona chini. Niliona kila mstari wa saruji na mwanzi mmoja ulioanguka sakafuni, mkavu, wa kahawia. Maji yalikuwa kama hayapo.

Sefania alitembea humo kila jioni akitoka kufundisha watoto katika shule ya kanisa. Goti likafunguka, upana wa vidole viwili, vitatu. Kitu kimoja tu kilinikera. Shuka yake nyeupe ya kuogelea ilishika rangi ya kijani, kijani cha majani machanga ya mahindi, nikaifua kwa sabuni, nikaianika, nikaifua tena, haitoki. Tumainieli akasema ni mrututu huo, unapenda vitu vyeupe. Nikamwambia atanilipa shuka.

Mzee Hezroni alikuja kukagua, akasimama ukingoni muda mrefu. Nilijitenga kando, nimeinamisha kichwa. Aliinama akachota maji kiganjani, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Goti lako linakunjika?" akamuuliza Sefania ghafla.

"Linakunjika, Baba."

"Hebu."

Sefania akamwonyesha. Mzee akaguna, akashika goti lake mwenyewe, akaenda zake bila kuaga. Nikafurahi. Nilidhani tumeshinda, mjinga mimi.

Mwezi uliofuata nilikuwa shambani kila asubuhi, maharage yanavunwa. Mchana mmoja nilirudi mapema, nikaenda kufunua birika, nikasikia harufu. Sabuni! Nikainama. Maji yamechafuka, na pembeni ukingo umeshika ukoga mweupe unaoteleza.

Sefania aliporudi hakupata hata salamu.

"Unaoga kwa sabuni mle?"

"Mimi?"

"Nani, mimi? Nasugua kuta mpaka mgongo unakatika, wewe unajipaka povu?"

"Dorkasi, naapa, sijaingia na sabuni."

Sikumwamini. Tulinuniana. Kesho yake harufu ilikuwa imezidi, na Sefania alikuwa shuleni tangu asubuhi, nimemsindikiza mwenyewe. Nikamvaa Tumainieli. Nilimfokea mbele ya mkewe, nikamwita mchawi wa maji, maskini wa Mungu, naye amesimama na bomba lake la dawa mgongoni, hajui hata nasema nini. Kila siku maji yakazidi kuchafuka. Tuliongeza mrututu, tukaongeza chokaa, kisu kikatoka hivi, kikatoka vile, maji hayatulii tena. Na utando wa kijani ukaanza kuchungulia kwenye ngazi.

Ijumaa ya ukaguzi ikafika. Mzee Hezroni alikuja na wazee wengine wawili, na kichwa amekifunga kitambaa, kimezungushwa kimebana mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Baba," nikasema, macho chini.

"Marahaba. Kichwa kinaniuma," akajibu, ingawa sikuwa nimemuuliza.

Wazee wale wawili walitazama maji, wakanusa, wakatazamana. Mmoja akasema, "Sabuni." Mwingine akasema, "Na kijani." Wakamgeukia. Mzee alikuwa hatazami birika, hatutazami sisi, anatazama kule kwenye kahawa.

"Sheria mnaijua," mmoja akamkumbusha.

Alikaza kitambaa kichwani.

"Jumatatu," akasema mwishowe. "Jumatatu nafunga."

Sefania alikaa kwenye jiwe, akaweka magongo magotini, akayashika hivi, kwa mikono yote miwili. Nilimkasirikia mzee yule kwa hasira ambayo haimfai mkwe. Sikulala vizuri wala sikula.

Jumapili ilikuwa ya Chakula cha Bwana. Kanisa lilijaa. Mwanamume haingii kanisani amefunika kichwa, lakini Mzee Hezroni aliingia na kitambaa chake, na mlangoni alipoulizwa akajibu tena kwamba kichwa kinamuuma. Nani abishane naye? Akakaa kwenye benchi lake la nyuma. Sisi tulikaa mstari wa kati, mimi sisikii mahubiri, nahesabu makosa ya mzee huyo moyoni.

Mchungaji akaita watu mezani. Wakaenda, wakapiga magoti, wakarudi. Mwisho mchungaji akachukua kikombe, akaanza kwenda nyuma kwa Mzee Hezroni kama siku zote. Na mzee akasimama!

Kanisa zima liligeuka. Akatoka benchini. Akaja katikati, polepole, bila fimbo, akapita karibu yangu hadi nikasikia viatu vyake vinavyolia, akafika mbele ya madhabahu. Akashika ukingo wa mbao. Akapinda goti moja. Akapinda la pili. Akapiga magoti! Mtu ambaye hata alipomzika mdogo wake alizika amesimama! Mama mmoja nyuma yangu alianza kulia kwa sauti, na mimi mwenyewe nikasikia machozi, hasira yangu yote imepigwa butwaa.

Akainamisha kichwa kupokea. Kitambaa kikalegea. Kikateleza, kikaanguka sakafuni.

Nywele zake zilikuwa za kijani.

Msidhani nawatania. Kijani! Kijani cha majani machanga ya mahindi, kuanzia paji la uso mpaka kisogoni, na jua la dirishani limempiga pale pale. Mchungaji alirudi nyuma, kikombe nusura kimwagike. Watu walipiga kelele. Mmoja akaita jina la Yesu, mwingine akasema ni alama, watoto wakapanda juu ya mabenchi waone. Hakuna aliyejua rangi ile imetoka wapi.

Isipokuwa mimi. Nilikuwa nimeifua rangi ile wiki nzima kwenye shuka ya mume wangu.

Nilimtazama Sefania, Sefania akanitazama, macho yamemtoka pima. Akanishika mkono kunizuia. Hakuwahi. Nilijikuta nimesimama katikati ya kanisa la Bwana, mbele ya mchungaji na watu wote, namwelekezea kidole mkwe wangu, baba yangu ambaye sikuwahi hata kumtazama usoni.

"Sabuni!" nikapiga kelele. "Ni wewe! Sabuni ni yako!"

Nikasikia nilichosema, na kwa nani, na wapi. Nikakaa. Nilitamani sakafu inimeze. Mzee Hezroni alikuwa bado amepiga magoti, na hakugeuka. Aliokota kitambaa, akakikunja, akakiweka mfukoni. Halafu akamwambia mchungaji, kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Nimalizie, baba mchungaji." Akapokea, akainuka kwa kushikilia mbao, akatoka nje kichwa wazi, hajamtazama mtu.

Msiniulize siku hiyo ilikwishaje. Sefania alicheka, akaacha, akawaza, akacheka tena. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwaibisha mkwe kanisani, na kesho ni Jumatatu, na sasa nani atamzuia kutufungia? Kama alikuwa na chembe ya huruma, nimeiua kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumatatu kijiji kizima kilikuwa mferejini, waliokuwa na kazi na wasiokuwa nayo. Mzee Hezroni alikuja na jembe begani. Kichwa wazi. Kijani kinang'aa juani, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Nilisimama karibu na Sefania juu ya ukingo, ameegemea magongo yake. Mzee alifika mahali mfereji unapogawanyika, upande huu maji yanakwenda kwenye birika letu, upande ule yanakwenda shambani kwake. Akasimama. Akaweka jembe chini.

"Magoti yananiuma tangu nikiwa na nywele nyeusi," akasema. "Nilimwita kijana huyu chura. Kisha nikaona goti lake linakunjika, nikakosa usingizi. Nikaona haya kuomba. Kila asubuhi wao wakitoka, mimi nimo birikani."

Watu wakavuta pumzi kwa pamoja.

"Nikaona si heshima mzee kuingia kwenye maji ya watu na jasho lake. Nikachukua kipande cha sabuni. Kidogo. Nikajiambia, kipande kidogo hivi hakina neno." Akapitisha kiganja kichwani. "Kila mtu niliyemfungia zamu miaka yote hii aliniambia maneno hayo hayo. Mke wangu aliniambia maneno hayo hayo."

Mkewe alikuwa pale, kati ya wanawake. Alishika shavu, akatazama pembeni.

"Nilisema Jumatatu nafunga," akasema mzee. "Nafunga. Zamu yangu inakwenda kwenye birika, maji mabovu yasafishwe. Mahindi yangu yatajua yenyewe."

Akashuka mferejini. Lango la shamba lake ni ubao na matope, na kulifunga lazima upige magoti. Akapiga. Akasukuma ubao, akakandika matope kwa viganja, polepole, vizuri, kama alivyotufundisha sote kukandika. Maji yakasita. Kisha yakageuka, yakaanza kukimbilia kwetu.

Halafu akataka kuinuka. Magoti yakagoma. Akaegemea mkono, mkono ukateleza kwenye matope, akaanguka ubavu. Akajaribu tena. Wazee walitazamana, vijana wakatazama chini. Nani amshike mzee wa mfereji kwapani mbele ya watu? Nilifungua mdomo kuita mtu, yeyote, jamani, mwinueni! Lakini tayari mtu alikuwa ameshuka. Alikuwa ameingia matopeni, amemkumbatia mzee kwa nyuma, mikono yote miwili imezunguka kifua chake, anamnyanyua.

"Simama, Baba. Weka uzito kwangu. Hivyo."

Ilikuwa sauti ya Sefania.

Mikono yote miwili. Nilitazama pale alipokuwa amesimama karibu nami. Magongo yalikuwa chini kwenye nyasi, karibu na miguu yangu, yamelaliana. Nikatazama tena mferejini. Mume wangu alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili, goti la kulia limepinda, matope yamemfika shavu la mguu, anamfuta mzee uso kwa mkono wa shati.

"Mrututu huu utatoka lini kichwani?" Mzee Hezroni anamuuliza.

"Hautoki, Baba. Iulize shuka yangu, mpaka leo ni ya kijani."

"Basi nitanyoa. Na hiyo sabuni sitaki hata kuiona."

Walipanda ukingo wakiwa wameshikana, wanasukumana, wanasimama, wanapanda tena, na kuelekea nyumbani kwetu kutazama maji yanavyoingia. Hakuna kati yao aliyegeuka nyuma. Mimi niliinama taratibu, nikaokota magongo, nikayaficha chini ya kanga yangu, nikawafuata. Watu walinitazama. Mkewe mzee akafungua mdomo kunisemesha, nikamkatalia kwa macho. Mimi Dorkasi, mwenye mdomo huu ulioangusha kanisa, sikusema neno njia nzima, nikiogopa nisije nikamkumbusha Sefania magongo.